Wanafunzi wa umeme waulizwe pia wana uhakika kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaofundisha uhandisi wa umeme hulijadili sana wenyewe kwa wenyewe, lakini ni nadra kulifikisha kwa wasomaji, ambao ndio wazazi, waajiri na wanafunzi wenyewe. Kila yanapotoka matokeo ya somo la kwanza la saketi, yaani njia anayozunguka umeme kutoka kwenye chanzo kupitia vifaa na kurudi, mazungumzo huwa ni wangapi wamefaulu na wangapi wameanguka, na aliyeanguka huambiwa ama hesabu zimemshinda ama hajiamini. Ninavyoona mimi, kufaulu somo hilo, kujiamini ndani yake na kuuelewa umeme ni mambo matatu ambayo hayaandamani kama tunavyodhani. Mtihani wetu wa kawaida hupima la kwanza, hauliulizi kabisa la pili, na la tatu hulichukulia kuwa limekuja lenyewe.

Nianze na swali lisilohitaji kikokotoo. Betri ya volti 9, balbu moja na swichi moja vimeunganishwa kwa mfuatano, yaani kimoja baada ya kingine katika njia moja, na swichi imezimwa. Voltmita, yaani kipimo cha volteji, ikiwekwa kwenye ncha mbili za swichi hiyo, itasoma volti ngapi? Mwanafunzi aliyekwisha kuizoea kanuni ya Ohm hupiga hesabu inayoonekana safi kabisa: saketi imekatika, kwa hiyo mkondo ni sifuri, volteji ni mkondo mara ukinzani (kiasi ambacho kifaa kinauzuia mkondo), sifuri mara chochote ni sifuri, basi voltmita itasoma sifuri. Wengi huandika jibu hilo bila kusita na kulipigia mstari chini. Voltmita ikiwekwa pale husoma volti 9.

Inafaa kulitazama kosa hilo kwa karibu, kwa sababu aliyelifanya hakusahau kanuni hata moja. Pengo la hewa ndani ya swichi lina ukinzani mkubwa mno, ambao katika hesabu tunauchukulia kuwa hauna kikomo, na sifuri ikizidishwa kwa kisicho na kikomo haitoi jibu la kutegemea. Kinachotoa jibu ni kanuni nyingine ambayo mwanafunzi huyo huyo anaijua na ameitumia mara nyingi katika mazoezi yake, yaani ile ya Kirchhoff isemayo kwamba ukizunguka kitanzi kizima cha saketi, volteji zinazopanda na zinazoshuka lazima zilingane. Kwenye balbu hakuna mkondo, kwa hiyo hakuna volteji inayoshuka pale. Kwenye waya hali ni hiyo hiyo. Basi volti zote 9 za betri ziko kwenye pengo la swichi, kwa kuwa hazina pengine pa kuwapo. Alichokosa mwanafunzi ni picha ya volteji kama tofauti kati ya nukta mbili, tofauti inayoweza kuwapo hata pale ambapo hakuna kinachopita. Kwake volteji ni kitu kinachobebwa na mkondo, na mkondo ukikoma, nayo imekoma. Katika saketi ya volti 9 dhana hiyo haimdhuru mtu. Katika saketi ya volti 230, anayeamini kwamba pasipo na mkondo hapana volteji anaweza kuishika ncha ya waya kwa uhakika ule ule alioupigia mstari kwenye karatasi.

Tatizo hili halikugunduliwa jana, wala si la chuo kimoja. Mwaka 1992 Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walichapisha matokeo ya swali ambalo walimu wa fani hii wanaendelea kulitumia hadi leo. Zipo balbu tano zinazofanana na betri tatu zinazofanana. Saketi ya kwanza ina balbu moja. Ya pili ina balbu mbili kwa mfuatano. Ya tatu ina balbu mbili sambamba, yaani kila moja katika njia yake kutoka kwenye betri ile ile. Mwanafunzi anatakiwa kuzipanga balbu zote tano kwa mwangaza wake na kueleza sababu. Hakuna namba hata moja ya kukokotoa. Jibu ni kwamba ile iliyo peke yake na zile mbili za sambamba huwaka sawasawa, na zile mbili za mfuatano huwaka hafifu, zote kwa kiwango kimoja. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakisoma fizikia yenye kalkulasi, takribani asilimia 15 tu ndio waliopatia, na matokeo hayakutofautiana sana kati ya waliokuwa hawajafundishwa saketi na waliokwisha kufundishwa.

Kwangu mimi majibu ya waliokosea yanafundisha zaidi kuliko hiyo asilimia. Wapo wanaosema kwamba katika mfuatano balbu ya kwanza huwaka zaidi, kwa sababu inautumia mkondo na kuiachia ya pili mabaki. Wapo wanaosema balbu mbili za sambamba lazima ziwe hafifu, kwa kuwa betri hutoa mkondo ule ule siku zote na sasa inabidi zigawane. Hao wa kundi la pili wana dhana inayodumu kwa miaka, na naichukulia kuwa mbaya zaidi ya ile ya kwanza. Anayeiona betri kama chanzo cha mkondo usiobadilika hana namna ya kuelewa kwa nini kila mzigo unaoongezwa sambamba huongeza mkondo unaotoka kwenye chanzo, wala kwa nini fyuzi hukatika vifaa vinapozidi. Atajua kwamba fyuzi hukatika, na ataweza hata kukokotoa ikatike kwenye ampea ngapi, lakini sababu yenyewe ataikariri tu.

Mfano mwingine hujitokeza baadaye kidogo, pale rezista mbili (vifaa vya kuuzuia mkondo) zenye ukinzani wa omu 1,000 kila moja zinapounganishwa kwa mfuatano kwenye volti 10. Ukiuliza volteji ya nukta ya katikati, darasa zima husema volti 5 kabla hujamaliza kuuliza. Sasa chora rezista ya tatu ya omu 1,000 sambamba na ile ya chini, na uulize tena. Mchoro ukiwa mbele yao, wengi huzikusanya rezista hizo mbili kuwa omu 500 na kupata volti 3.3, kama inavyopasa. Lakini ukiliuliza jambo hilo hilo kwa maneno, kwamba kifaa chenye ukinzani wa omu 1,000 kimeunganishwa kwenye ile nukta ya volti 5, je, kitapata volti ngapi, wengi wa wale wale hurudi kwenye 5. Mchoro umewafundisha kushughulikia mchoro. Kwamba kifaa chochote unachokiunganisha kinakuwa sehemu ya saketi na kuibadilisha, hilo halijaingia.

Sasa nije kwenye kujiamini, ambako ndiko tunakopotoka zaidi. Mwaka 1977 Albert Bandura, mwanasaikolojia, alichapisha nadharia yake kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake mwenyewe, akataja vyanzo vinne vya imani hiyo: mafanikio ya mtu katika kazi yenyewe, kuwaona wengine wakifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili na hisia kama vile wasiwasi. Chanzo cha kwanza ndicho alichokipa uzito mkubwa kuliko vyote. Sisi walimu, kwa bahati mbaya, hutumia zaidi cha tatu kwa kuwa hakitugharimu kitu. Tunamwambia mwanafunzi ajipige moyo konde, hesabu si ngumu kama anavyodhani, kisha tunaendelea na ubao.

Lakini hata tukikishika hicho cha kwanza, tujiulize mafanikio katika somo letu ni nini. Kwa mwanafunzi ni kuipata namba iliyochapishwa nyuma ya kitabu. Kila namba inapolingana, imani yake inapanda ngazi moja, na kwa kweli ana haki ya kuamini, kwani amefanya tulichomwagiza. Anazijua njia mbili za kuikokotoa saketi, ile ya vitanzi na ile ya nukta, anaandika milinganyo mitatu na kuitatua bila kosa la alama. Imani hiyo ni ya kweli, ila imesimama juu ya kupanga milinganyo, na yeye hana njia ya kujua kwamba haikusimama juu ya umeme, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza swali ambalo milinganyo haiwezi kumjibia.

Pembeni yake hukaa mwanafunzi wa aina nyingine. Huyu, akiambiwa kwamba mkondo kabla ya balbu na baada ya balbu ni ule ule, hasongi mbele. Anataka kujua, ikiwa hakuna kilichopungua, balbu imewaka kwa kitu gani. Ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, kwa sababu jibu lake linalazimisha kutenganisha chaji inayozunguka na nishati inayoachwa njiani, yaani mkondo na volteji, mambo mawili ambayo wenzake wameyachanganya bila kujua. Lakini swali hilo linamlia muda. Anamaliza mazoezi machache, namba zake zinalingana mara chache, na anapotazama kushoto na kulia anaona wenzake wamekwisha kufunga madaftari. Kwa vyanzo vya Bandura, huyu ananyimwa cha kwanza na cha pili kwa pamoja, na wasiwasi unamkamilishia cha nne. Anahitimisha kwamba hana kipaji cha umeme. Kama kuna mwanafunzi ambaye taaluma hii haipaswi kumpoteza ni huyo, na mfumo wetu unamsukuma nje kwa utaratibu, huku ukimpongeza aliyeandika sifuri kwenye swichi.

Najua wapo watakaosema dawa ni mhadhara mzuri zaidi, wenye maelezo yaliyonyooka na mifano mingi. Nisingekataa mhadhara mzuri, ila upo utafiti unaotakiwa kututia wasiwasi. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jaribio lililofanywa katika somo la utangulizi la fizikia. Wanafunzi waligawanywa bila upendeleo katika makundi mawili. Kundi moja lilisikiliza mhadhara ulioandaliwa vizuri, jingine lilitatua maswali yale yale kwa vikundi vidogo likisaidiwa na mwalimu, na katika mada iliyofuata makundi yakabadilishana. Walipopimwa, waliojishughulisha wenyewe walikuwa wamejifunza zaidi. Walipoulizwa wanavyoona, waliosikiliza mhadhara ndio waliodhani wamejifunza zaidi. Maelezo laini ya mwalimu huleta hisia ya kuelewa, na jasho la kutatua jambo gumu huleta hisia ya kushindwa, hata pale ambapo hali halisi ni kinyume chake. Kwa hiyo mwalimu anayepima ufundishaji wake kwa nyuso za wanafunzi waliotulia anapima kitu kingine kabisa, na fomu za tathmini tunazowajazisha mwishoni mwa muhula zina kasoro hiyo hiyo.

Kuhusu ufundishaji unaomshughulisha mwanafunzi sina haja ya kusema mengi, maana ushahidi umekwisha kukusanywa. Scott Freeman na wenzake walizipitia tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba wastani wa kufeli ulikuwa asilimia 33.8 katika madarasa ya mihadhara pekee na asilimia 21.8 katika yale yanayowashirikisha wanafunzi. Eric Mazur wa Harvard alianza mapema miaka ya 1990 kusimamisha mhadhara wake kila baada ya muda mfupi ili kuuliza swali la dhana, kila mwanafunzi akachagua jibu, kisha akalijadili na jirani yake na kuchagua tena. Halihitaji vifaa; mikono iliyoinuliwa inatosha. Na kwa yule mwanafunzi wa pili niliyemtaja, dakika mbili za kumsikia mwenzake akikiri kwamba naye hajui balbu imewaka kwa nini zina thamani kuliko hotuba nzima ya kutiwa moyo.

Ila mbinu hizo zote zitafifia ikiwa mtihani utabaki vilevile, kwa sababu wanafunzi husoma kinachotahiniwa, nami siwalaumu. Hapo ndipo penye pendekezo langu. Kila karatasi ya somo la kwanza la saketi iwe na sehemu ya maswali yasiyohitaji hesabu, yenye uzito usiopuuzika, na katika kila swali la sehemu hiyo mwanafunzi aeleze pia ana uhakika kiasi gani na jibu lake.

Maswali ya aina hiyo si magumu kutunga. Balbu tatu zimeunganishwa, moja ikifunguliwa na kuondolewa, zilizobaki zitaongeza mwangaza, zitapunguza au zitabaki kama zilivyo? Amplifaya inayokuza mara 10 inaendeshwa kwa volti 12 chanya na volti 12 hasi. Ikipewa volti 2 za mkondo mnyoofu, itatoa kiasi gani? Swali hili la pili nalipenda kwa sababu jibu la volti 20 lina hesabu sahihi na haliwezi kupatikana popote kwenye meza ya maabara, kwani amplifaya haitoi volteji inayozidi ile inayoiendesha. Au mpe mwanafunzi matokeo kamili ya mwenzake aliyeweka ammita, yaani kipimo cha mkondo, sambamba na rezista, umuulize ni nini kimetokea kwa fyuzi ya ammita na kwa nini. Ammita ina ukinzani mdogo sana, kwa hiyo mkondo utaipitia yenyewe na kuiacha rezista. Anayelijua hilo hahitaji kuambiwa mara mbili ni vipi kila kipimo huunganishwa.

Ama kuhusu kupima uhakika, hatulazimiki kubuni lolote. Tony Gardner-Medwin wa University College London alitengeneza utaratibu ambao umetumiwa kwa wanafunzi wa utabibu, na unaeleweka kwa dakika chache. Kila jibu linaambatana na daraja la uhakika, 1, 2 au 3. Ukipatia, unapata alama 1, 2 au 3 kulingana na daraja ulilochagua. Ukikosea, daraja la kwanza halikugharimu kitu, la pili linakuondolea alama 2, na la tatu linakuondolea 6. Ukizifanyia kazi namba hizo utaona kwamba daraja la tatu lina faida pale tu uwezekano wako wa kupatia unapozidi asilimia 80, na la pili pale unapozidi theluthi mbili. Anayejidai hajui hapati kitu kwa unyenyekevu wake, na anayejidai anajua huadhibiwa vikali. Njia pekee ya kupata alama nyingi ni kusema kweli kuhusu unachokijua.

Faida yake kwa mwalimu ni kubwa. Leo jibu lililokosewa kwa kubahatisha na jibu lililokosewa kwa uhakika kamili hupata sifuri ile ile, wakati ni magonjwa mawili. Aliyebahatisha anahitaji kufundishwa. Mwenye uhakika kamili kwamba swichi iliyozimwa haina volteji hahitaji mada mpya. Anahitaji kukutana na kipimo kinachokataa dhana yake, na akutane nacho kwa mikono yake mwenyewe. Vivyo hivyo, aliyepatia maswali yote kwa daraja la kwanza ni mtu wa kuitwa ofisini na kuonyeshwa karatasi yake, aone kwamba anajua zaidi ya anavyodhani. Hiyo ndiyo aina ya kutiwa moyo ninayoiamini, kwa kuwa ina ushahidi mezani.

Maabara nazo zinaweza kusaidia, lakini si kwa mwongozo tulionao, ambao humwambia mwanafunzi aunganishe waya mwekundu hapa na mweusi pale, ajaze jedwali na kukokotoa asilimia ya kosa. Anaweza kuukamilisha wote bila kufikiri hata mara moja. Kila kipimo kitanguliwe na utabiri ulioandikwa kwa wino, pamoja na daraja la uhakika, kabla swichi haijawashwa. Kipimo kikipingana na utabiri, asiruhusiwe kuendelea mpaka aandike sentensi mbili kueleza ni wapi fikra yake ilikengeuka. Vipimo vitapungua kutoka kumi hadi vinne, na sioni hasara yoyote. Hata palipo na uhaba wa vifaa, programu za kuigiza saketi kwenye kompyuta hufaa kwa kazi hiyo, almradi utabiri uandikwe kwanza; bila utabiri, mwanafunzi hutazama tu namba zikibadilika.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni la muda: silabasi ni ndefu, madarasa yamejaa, na kusahihisha maelezo ya wanafunzi mia tatu hakuwezekani. Kuhusu kusahihisha, maswali ya kuchagua yenye daraja la uhakika husahihishwa haraka kuliko hesabu ya kurasa tatu. Kuhusu silabasi, ningependa wenzangu waseme waziwazi ni mada ipi ya mwisho wa muhula inayoeleweka na mwanafunzi ambaye bado anaiona betri kama chanzo cha mkondo usiobadilika. Kapasita? Transista? Zote zinasimama juu ya tofauti kati ya volteji na mkondo, na asiyekuwa nayo huzikariri kama alivyokariri zilizotangulia. Tukikata mada mbili za mwisho ili kuipa nafasi dhana hiyo, tutakuwa tumeondoa kitu ambacho wengi hawakukipata hata hivyo.

Pingamizi la pili ni kwamba kumwondolea mtu alama 6 kwa jibu moja ni ukatili, hasa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye tayari ana hofu. Hilo lina uzito, na sipendekezi utaratibu huo uingizwe ghafla katika mtihani wa mwisho. Uanze katika majaribio mafupi ya kila wiki yasiyohesabiwa kwenye matokeo, mwanafunzi ayaone makosa yake ya uhakika yakipungua wiki baada ya wiki, na idara ichapishe kwa ajili ya darasa zima jedwali la maswali yaliyokosewa na wengi kwa daraja la tatu. Jedwali hilo mwalimu alitumie kupanga mhadhara wa wiki inayofuata. Baada ya muhula mmoja wa namna hiyo, wanafunzi wenyewe waulizwe kama wako tayari alama hizo zianze kuhesabiwa.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa somo la saketi